Herufi Sita

Kiingereza sikijui. Najua tu kinavyoandikwa.

Nina maneno elfu thelathini kichwani, yamelala
kama nati kwenye makopo ya maziwa pale rafuni:
haya ya herufi mbili, haya ya tatu,
haya yenye J,
na kopo moja dogo ninalolifungua kwa adabu,
la Q iliyofiwa na U:
QAT. SUQ. TRANQ. WAQF.
Sijui ni mnyama, ni mboga au ni tusi.
Najua bei yake.

Usiku Bunruean akichomeka neti, mimi nakariri.
"Unasali?"
KANZU, namjibu. K, A, N, Z, U.
"Ndiyo nini?"
Pointi kumi na nane.
"Basi endelea kusali," husema, na kuzima taa.

Mchana niko gereji, njia ya stesheni ya Lampang,
oili imeingia kiganjani
hata mpiga ramli hawezi kunisoma.
Jumamosi naisugua kwa ndimu na sabuni ya unga,
nikakae mbele ya Khamron mfamasia, mtu wa kucha safi,
nitie mkono mfukoni, nivute vigae saba.
Nampiga. Si kila mara.

Mpwa wangu nilimfundisha hivi:
usilitafute neno, zitikise herufi.
Anayejua maana hukwama kwenye maana.
Wewe huna pa kukwama, zungusha.
P, I, S, T, O, N: humo mna PITONS,
mna PINTOS, SPINTO, POINTS, PISTON,
ndugu wa tumbo moja,
na wote hao namjua sura POINTS peke yake,
kwa kuwa huandikwa juu ya karatasi ya kuhesabia.

Mwezi wa nne, jua la utosi,
akaja mgeni anasukuma pikipiki ya kukodi.
Ailsa, alisema, akijigusa kifua. Mskoti.
Kisha akasema mengine, akayarudia polepole, kwa sauti kubwa,
kama watu wasemavyo na kiziwi.
Maneno elfu thelathini, na hakuna lililoinuka kunisaidia.
Yote nilikuwa nimeyaona. Hakuna nililowahi kulisikia.

Nikafungua injini.
Nikatoa kile chuma mfano wa kikombe,
kinachopanda na kushuka gizani maisha yake yote,
kimechubuka ubavuni. Sisi twakiita luksup.
Nikamwinulia.
Akauma mdomo, akatamka kitu.
Nikampa chaki.
Akapiga magoti palepale penye grisi, akaandika:

PISTON

Miaka ishirini na sita nimekishika hiki.
Miaka kumi na moja nimelishika hili.
Mkono uleule, na haukuwahi kuniambia.
Nilicheka hadi Bunruean akatoka jikoni na mwiko;
mgeni akadhani naicheka bei.

Halafu Jumamosi, usiniulize vipi,
mfuko ukanitapikia T, O, P, S, I, N
na kigae kitupu.
Palikuwa na nafasi nono ya POTIONS,
ingegusa ile nyekundu.
Niliiona. Saa inakula dakika zangu, nami naiona.
Nikaweka PISTONS.
"Umetupa pointi ishirini," Khamron akasema,
si kwa kunisuta; alihuzunika kweli.
Nikanusa vidole. Ndimu, na chini ya ndimu, oili.

Usiku ule sikukariri.
Nilimwambia Bunruean: yuko mtu, sijui nchi gani,
ameishika KANZU mkononi sasa hivi,
wala hajui Z yake inalipa kumi.
Akanyamaza sana, nikadhani amelala.
"Kama ni samaki," akasema, "atakuwa amekwisha kumla."